Kwarteti iliyoishia njiani: kwa nini Schubert alianza upya badala ya kumalizia

Kwenye orodha ya kazi za mtunzi Franz Schubert, namba D 703 huandikwa kwa majina matatu. Wengine huiita Kwarteti Na. 12, wengine hutumia neno la Kijerumani Quartettsatz, yaani "sehemu ya kwarteti", na wengine husema tu "kwarteti isiyokamilika". Yote matatu ni kipande kimoja cha ufunguo wa C maina (ufunguo ni nota ambayo muziki huichukulia kama nyumbani; maina ina rangi ya huzuni, meja ya furaha), cha dakika tisa hadi kumi hivi, kilichoandikwa Vienna mwezi wa Desemba 1820. Msikilizaji anayekisikia mara ya kwanza huona kina mwanzo, kina mwisho, na mwisho wenyewe unafungwa kwa kishindo. Sasa kisichokamilika ni nini?

Kwarteti ya nyuzi ya zama zile ilikuwa na sehemu nne: ya kwanza ya kasi na nzito kwa hoja, ya pili ya polepole, ya tatu ya mwendo wa dansi (menueti au scherzo), na ya nne ya kasi ya kufungia. Wapigaji ni wanne pia: fidla mbili, viola, ambayo ni kubwa kidogo kuliko fidla na ina sauti ya chini zaidi, na selo. Msikilizaji wa taarab asilia ya Zanzibar anazifahamu fidla na selo. Viola ndiyo huenda ikawa ngeni kwake. Schubert aliimaliza sehemu ya kwanza mpaka nota ya mwisho, mizani 315 (mizani ni kifungu kifupi chenye idadi maalumu ya mapigo). Akaanza ya pili, Andante, akaandika takriban mizani 40, akaacha. Ya tatu na ya nne hazipo kabisa. Kwa hiyo majina yote matatu ni ya kweli, kila moja kwa upande wake. Sehemu imekamilika, kwarteti haikukamilika.

Jambo hili dogo ndilo linalowachanganya watu wengi kuhusu muziki wa vikundi vidogo wa karne ya 19. Tunasema "haikukamilika" kama vile ni hali moja, kumbe ni hali nne au tano zisizofanana, na kila moja ina dawa yake.

Hali ya kwanza ni kifo. Felix Mendelssohn alifariki tarehe 4 Novemba 1847, miezi michache baada ya dada yake Fanny. Aliacha sehemu mbili za kwarteti, Andante yenye mabadilisho na Scherzo, ambazo zinadhaniwa zilikusudiwa kuingia kwenye kwarteti mpya. Wachapishaji walizichukua, wakazibandika pamoja na vipande viwili vya zamani, cha 1843 na cha 1827, wakavitoa vyote kama Opus 81, yaani kazi yake namba 81. Anayezipiga sehemu hizo nne mfululizo akidhani ni kwarteti moja anapiga kitu ambacho Mendelssohn hakukitunga.

Hali ya pili ni kupotea kwa kurasa. Seksteti ya nyuzi (ya wapigaji sita) ya Alexander Borodin ya D maina, aliyoitunga alipokuwa Heidelberg, imetufikia ikiwa na sehemu mbili tu. Hapo mtunzi si wa kulaumiwa.

Hali ya tatu ni sehemu iliyotolewa kwenye kazi nyingine. Schubert ana Adagio ya E flati ya piano, fidla na selo, D 897, ambayo mchapishaji aliipa jina la Notturno. Wengi wanaamini ilikuwa sehemu ya polepole ya trio yake ya B flati, D 898, kisha akaiondoa na kuandika nyingine. Hakuna cha kukamilisha pale. Ni kitu kizima kisicho na kwao.

Halafu kuna hali ya nne, ambayo ni ya Schubert hasa: mtunzi yuko hai, ana nguvu, karatasi anazo, wino anao, na anaacha katikati. Edvard Grieg alifanya vilevile na kwarteti yake ya F meja. Aliianza 1891, akamaliza sehemu mbili, na zile mbili za mwisho zikabaki michoro hadi alipofariki 1907, miaka 16 baadaye. Rafiki yake Julius Röntgen ndiye aliyezishughulikia karatasi zile baada ya kifo chake. Ila kwa Grieg ni tukio la mara moja. Kwa Schubert ilikuwa tabia.

Tabia yenyewe

Anzia Septemba 1816. Schubert ana miaka 19. Anaandika trio ya fidla, viola na selo ya B flati meja, D 471. Sehemu ya kwanza, Allegro, inakamilika: nyepesi, safi, ya mtu aliyemsoma Mozart vizuri. Anaingia sehemu ya pili, Andante sostenuto, anafika mizani 39, anaacha. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 1817, anaandika trio nyingine ya vyombo vilevile, kwenye ufunguo uleule wa B flati, na hii, D 581, anaimaliza sehemu zote nne.

Hapo pana jambo la kutazama kwa makini. Angeweza kuichukua Allegro iliyokwisha na kuiongezea sehemu tatu. Ni kazi ndogo kuliko kuanza moja. Hakufanya hivyo. Alikaa chini akaanza nota ya kwanza.

Kwenye simfonia mambo yalikuwa yaleyale, tena kwa kiasi kikubwa zaidi. Kati ya 1818 na 1822 alianza simfonia nne ambazo hakuzimaliza: D 615, D 708A, D 729 na D 759, ile maarufu ya B maina. Kisha katikati ya miaka ya 1820 akaandika simfonia kubwa ya C meja, D 944, mwanzo hadi mwisho. Hakuna hata moja kati ya zile nne aliyoirudia kuimaliza. D 703 ya Desemba 1820 iko katikati kabisa ya kipindi hicho. Na ilipofika 1824 alipotaka tena kuandika kwarteti, hakuitoa sandukuni. Aliandika ya A maina, D 804, na ya D maina, D 810, kwa miezi michache tu.

Kwa mtazamo wetu, anayeuliza "kwa nini hakuimaliza" anauliza swali lisilo na jibu zuri. Swali lenye faida ni hili: aliacha wapi, na alipoanza upya alibadilisha nini? Kwenye D 703 jibu linaonekana ndani ya nota.

Ndani ya zile mizani 315

Sehemu hii imeandikwa Allegro assai, mapigo sita kwa mizani yanayohesabiwa kama makundi mawili ya matatu. Fidla ya kwanza inaanza peke yake, kwa sauti ya chini sana, nota fupifupi zinazotetemeshwa kwa upinde. Wengine wanaingia mmoja baada ya mwingine juu ya msingi unaoshuka kidogo kidogo kutoka C kuelekea G, ule mshuko ambao watunzi wa Ulaya walikuwa wakiutumia kwa maombolezo tangu karne ya 17. Sauti inapanda, inapanda, na kwenye mizani ya 9 wote wanne wanaangukia kwa nguvu kwenye akordi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) ya D flati. D flati iko nusu toni tu juu ya C, yaani juu ya nyumbani. Ni karibu kwa umbali, ila kwa harmonia ni mbali sana. Mizani nane za mnong'ono na pigo moja: Schubert ameshaonyesha kwamba kipande hiki hakitafuata njia ya kawaida.

Njia ya kawaida ni ipi? Katika umbo la sonata, kama ufunguo wa nyumbani ni C maina, melodi ya pili huwa E flati meja. Nusu ya kwanza inaishia hapo. Kisha mawazo yanachanganywa na kuzungushwa katika funguo mbalimbali, halafu yanarudi: melodi ya kwanza nyumbani, melodi ya pili nyumbani pia.

Schubert anaweka vituo vitatu badala ya viwili. Cha kwanza ni C maina. Kwenye mizani ya 27 hivi anaingia A flati meja, na fidla ya kwanza inaimba melodi pana na tulivu, kana kwamba lile tetemeko la mwanzo halikutokea. Cha tatu ni G meja, na hapo ndipo nusu ya kwanza inapofungiwa. E flati hakufika.

Halafu marejeo. Msikilizaji aliyezoea anaisubiri ile mitetemo ya mwanzo irudi. Hairudi. Schubert anairuka melodi ya kwanza na kuingia moja kwa moja kwenye ile ya pili, tena si nyumbani bali B flati, kisha E flati. Ile ya tatu, iliyokuwa G, sasa iko C meja. Kwa muda mtu anaweza kudhani kipande kitaisha kwa furaha. Ndipo mizani kumi hivi za mwisho zinaileta ile mitetemo ya mwanzo, C maina, na lile pigo la D flati pamoja nayo, na kila kitu kinafungwa.

Ukiandika mpango huo kwenye karatasi unaona tatizo alilojitengenezea. Melodi ya kwanza imekuwa mlango wa kuingilia na wa kutokea. Kipande kimejifunga chenyewe kwa kufuli. Sehemu ya pili inayokuja baada yake inatakiwa ifungue upya kitu ambacho hakina haja ya kufunguliwa.

Zile mizani 40

Andante iko A flati meja, mapigo matatu kwa mizani. Ukumbuke A flati imeshatumika: ndiyo nyumba ya ile melodi pana ya sehemu ya kwanza. Kwa hiyo msikilizaji anatoka kwenye kishindo cha C maina na kuingia katika mahali alipokwishapita dakika chache nyuma, tena kwa mwendo mwingine wa mapigo ya tatu tatu. Muziki wenyewe ni mzuri, na unajua unakoelekea. Unatoka nyumbani taratibu, unaanza kuchafuka, unakatika.

Kwamba alikwama kwa sababu ya kurudia ufunguo na mapigo ni dhana tu, na tunaisema kama dhana. Ina nguvu kidogo kwa sababu hoja kama hiyo imewahi kutolewa kuhusu simfonia ya B maina, ambayo sehemu zake mbili zilizokamilika na scherzo iliyochorwa zote ni za tatu tatu. Ila zipo sababu nyingine zisizohitaji kubahatisha, na mara nyingi wapenzi wa muziki huzipita kwa sababu hazina mahaba.

Kwanza, hapakuwa na wapigaji wa kuisubiri. Kwarteti za ujana wake Schubert aliziandikia nyumbani: kaka zake Ignaz na Ferdinand kwenye fidla, yeye mwenyewe viola, baba yao selo. Kikundi kile kilikuwa kimeshakua kikawa okestra ndogo, kikahamia nyumba za watu wengine, na baada ya 1816 hakuandika kwarteti hadi hii. D 703 ni ngumu mno kwa baba mwalimu wa shule anayepiga selo baada ya kazi.

Pili, mwaka 1820 akili yake ilikuwa jukwaani. Die Zwillingsbrüder ilionyeshwa Juni, Die Zauberharfe ilionyeshwa Agosti, zote Vienna. Mapema mwaka uliofuata marafiki zake wakawa wanahangaikia kuchapisha nyimbo zake, na Erlkönig ikatoka 1821 kama Opus 1. Mtu asiye na mshahara wa kudumu huifuata kazi inayoleta fedha.

Tatu, mwaka 1823 Ignaz Schuppanzigh, mpiga fidla aliyekuwa karibu na Beethoven, alirejea Vienna kutoka Urusi na kuanzisha tena maonyesho ya kwarteti. Tazama tarehe: Schubert anaandika kwarteti ya A maina mwanzoni mwa 1824, na tarehe 14 Machi 1824 kikundi cha Schuppanzigh kinaipiga hadharani. Ikachapwa mwaka huohuo. Ni kwarteti pekee iliyochapishwa akiwa hai. Palipo na wapigaji, kazi ilimalizika.

Mwisho wa mwezi huo aliandika barua kwa rafiki yake Leopold Kupelwieser akisema ameshaandika kwarteti mbili na okteti (kazi ya wapigaji wanane), na kwamba kwa njia hiyo anataka kujitengenezea njia ya kufikia simfonia kubwa. D 703 haitajwi. Imeshapita.

Muswada ulikopitia

Schubert alifariki tarehe 19 Novemba 1828, akiwa na miaka 31. D 703 ilibaki muswada tu. Baadaye ikafika mikononi mwa Johannes Brahms, mkusanyaji makini wa miswada ya wengine (na mchomaji makini wa ya kwake). Ilipigwa hadharani Vienna tarehe 1 Machi 1867, zaidi kidogo ya miaka 38 baada ya kifo cha mtunzi. Mwaka 1870 mchapishaji Bartholf Senff wa Leipzig aliitoa, kwa uhariri wa Brahms. Aliyechapisha alichapisha sehemu ya kwanza peke yake. Ile Andante ilitokea tu 1897, tena ndani ya ripoti ya wahariri ya mkusanyo wa kazi zote za Schubert, mahali ambapo hakuna mpigaji anayekwenda kutafuta nota. Hiyo ndiyo sababu vizazi viwili vya wapigaji viliijua D 703 kama kipande cha sehemu moja bila hata kujua kwamba kulikuwa na ya pili. Muswada sasa uko Vienna, kwenye hifadhi ya Gesellschaft der Musikfreunde (Jumuiya ya Wapenzi wa Muziki).

Herufi D ni ya Otto Erich Deutsch, ambaye orodha yake ya 1951 ilizipanga kazi hizi kwa kufuata wakati. Kwa hiyo namba yenyewe inasema kitu: D 471 ya 1816 inaitangulia D 581 ya 1817, na D 703 ya 1820 inaitangulia D 804 ya 1824. Mpangilio huo unawezekana kwa sababu Schubert mara nyingi aliandika mwezi na mwaka juu ya ukurasa wa kwanza. Asipoandika, watafiti huichunguza karatasi: aina yake, mistari yake, alama ya maji inayoonekana ukiiinua kwenye mwanga.

Je, inaweza kukamilishwa?

Wapo waliojaribu kuimalizia Andante, na watajaribu tena. Kabla ya kuhukumu jaribio lolote, inafaa kujua kazi yenyewe inavyokwenda.

Anayeanza hunakili muswada kama ulivyo, pamoja na yaliyofutwa na makosa ya wazi, bila kurekebisha chochote. Kisha anaangalia wino ulipoishia. Muziki ukikatika mwisho kabisa wa ukurasa, huenda ukurasa uliofuata ulipotea. Ukikatika katikati ya mstari na nafasi tupu ikafuata, mtunzi ndiye aliyeacha. Halafu anaangalia ni sauti ngapi zinaendelea hadi mwisho. Jinsi Schubert alivyofanya kazi kunaonekana vizuri kwenye simfonia ya E meja ya Agosti 1821, D 729: alijaza vyombo vyote kwenye utangulizi na mizani 110 za mwanzo za Allegro, kisha akakimbia hadi mwisho wa sehemu ya nne, zaidi ya mizani 1300, akiandika zaidi melodi inayoongoza. Muswada wa namna hiyo unaweza kumaliziwa na mtu mwenye ujuzi, kwa sababu njia yote imechorwa. Anayemalizia anajaza tu.

Pia sonata ambayo nusu yake ya kwanza imekamilika ina unafuu. Schubert hakuona haya kunakili. Kwenye kwinteti (kazi ya wapigaji watano) ya "Trout" ya 1819, D 667, marejeo ya sehemu ya kwanza yanaanza D meja badala ya A meja, ili nusu ya kwanza iweze kusogezwa karibu kama ilivyo mpaka ifike nyumbani yenyewe. Ukipata kipande kilichokatika pale marejeo yanapoanza, umepata karibu theluthi moja ya bure.

Andante ya D 703 haina unafuu wowote kati ya hivyo. Ina ufunguzi na mwanzo wa msukosuko. Haioneshi kama baada ya hapo linakuja wazo jipya, au lile la kwanza linarudi likiwa limepambwa, au yote mawili kwa zamu. Chukua kwamba ingekuwa na mizani 120, urefu wa kawaida kwa sehemu kama hiyo: 80 zitakuwa zako. Ukiongeza scherzo na sehemu ya mwisho, Schubert anakuwa mgeni kwenye kwarteti yake mwenyewe.

Makosa ya wanaomalizia hujirudia. La kwanza ni kuazima lugha ya 1824 na 1826, kwa sababu ndizo kwarteti zinazopendwa. Matokeo yake ni Andante ya mtu ambaye bado hajafika huko. La pili ni kuhama ufunguo kwa hatua za tano kama kitabu kinavyofundisha, wakati Schubert hupenda kuruka kwa hatua za tatu, mara nyingi kwa kushikilia nota moja tu inayoshirikiwa na akordi zote mbili. La tatu linajulikana na wapiga viola: aliyetunga kwenye piano huwapa nota za kujazia mkono wa kushoto, na viola inabaki inahesabu mapigo tu. Schubert alikuwa mpiga viola. Sauti ya kati kwake haikai bure.

Njia nyingine ni kutomalizia kabisa. Gustav Mahler, akiwa mwanafunzi Vienna kwenye miaka ya 1870, aliandika sehemu moja ya kwarteti ya piano ya A maina, na akaacha mizani zaidi kidogo ya ishirini za scherzo ya G maina. Mtunzi Alfred Schnittke alizichukua mizani hizo mwaka 1988. Hakujifanya Mahler. Aliandika muziki wake mwenyewe unaozitafuta nota zile kwa shida, na kipande cha Mahler kinatokea mwishoni kama kilivyoachwa. Tunaona hiyo ni njia ya heshima zaidi kuliko kughushi saini.

Kwa wanaoipiga

D 703 huvunjika mahali palepale kwa vikundi vingi. Mizani nane za mwanzo zinatakiwa kuanza chini sana, na kupanda kwa sauti kuje kutokana na kuongezeka kwa wapigaji kwanza, kabla ya mikono. Fidla ya kwanza ikianza kupanda kwenye mizani ya pili, D flati ya mizani ya 9 haina pa kwenda. Tumia upinde mfupi, usiotoka kwenye uzi. Ukiurusha unapata sauti ya kukwaruza, na nota zinageuka kelele badala ya sauti yenye urefu wake.

Kasi ichaguliwe kutokana na melodi ya mizani ya 27. Imbeni ile melodi kwanza, mpate kasi ambayo pumzi moja inatosha sentensi yake, halafu rudini mwanzoni na kasi hiyohiyo. Vikundi vinavyoanza kwa mbio hulazimika kupunguza melodi ikifika, na kipande kinakuwa viwili. Fidla ya pili na viola ndizo zinazobeba mwendo pale chini ya melodi. Zikilegea, fidla ya kwanza itajikuta inaimba peke yake barabarani.

Marudio ya nusu ya kwanza yapigwe. Bila hayo msikilizaji husikia tetemeko la mwanzo mara moja tu, na kwa kuwa marejeo yanaliruka, mizani kumi za mwisho zinakuwa jambo jipya badala ya jambo linalorudi. Akishalisikia mara mbili, kukosekana kwake kunamkaa masikioni.

Kwa Andante, tunapendekeza ipigwe pale tu hadhira ilipoelezwa kabla, kwa sentensi mbili, kwamba itakatika. Pigeni hadi mizani ya mwisho aliyoiandika na muache palepale. Msitie akordi ya kufungia na msipunguze mwendo, kwa sababu kupunguza ni kudanganya kwamba mwisho umefika. Pinde zibaki hewani sekunde chache, la sivyo watu watapiga makofi kwa mashaka. Baadhi ya rekodi huiweka Andante baada ya sehemu ya kwanza. Angalia maelezo ya albamu kama ni ile ya mizani 40 au ni ya mtu aliyeimalizia, kwa kuwa si kila mchapishaji anasema waziwazi.

Kwenye programu, D 703 kawaida huwekwa mwanzo, kabla ya kwarteti ya D maina ya 1824. Funguo za C maina na D maina zikifuatana hivyo zinachosha sikio. Ikifuatwa na ile ya A maina inakaa vizuri zaidi, na msikilizaji anapata kuona mtunzi alikoanzia upya: D 804 nayo inaanza na mnong'ono unaotikisika kwa chini, lakini safari hii melodi inaingia juu yake baada ya mizani mbili tu. D 471 vilevile ipigwe pamoja na D 581 jioni moja. Allegro ya 1816 huchukua dakika nane hadi kumi na moja kutegemea marudio, na trio nzima ya 1817 dakika ishirini na kitu. Wapigaji watatu, ufunguo mmoja, mwaka mmoja katikati. Nota za zote nne zinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP, ila matoleo mengi ya pale ni ya karne ya 19. Kwa alama za nguvu na za upinde linganisheni na toleo jipya la mchapishaji Bärenreiter kabla ya kuanza mazoezi.